Pikipiki Haina Shida

Mimi ni fundi pikipiki na ni mwanamke. Kama hilo limekushangaza, shangaa upesi tuendelee. Wateja wangu walimaliza kushangaa miaka kumi na moja iliyopita, siku hizi wanachouliza ni itakuwa tayari saa ngapi. Pale gereji wananiita Dada Spana. Mdomo ninao, sikatai. Na katika yote niliyowahi kuyasema kwa mdomo huu, nililolisema mara nyingi zaidi ni kwamba gundi ni dawa ya viatu, si ya pikipiki.

Nikikuta gundi kwenye pikipiki ya mtu nilikuwa naitisha mkutano. Nabandua kile kipande, nakiinua watu wakione, nauliza ni fundi gani huyu, amesomea wapi, na je, mama yake anajua anachofanya huku mjini? Wenzangu wanacheka, na mteja naye anacheka huku akitazama chini kwa niaba ya fundi wake. Mwenzangu wa benchi la pili, ambaye tunamwita Kimya kwa sababu hajanyamaza tangu azaliwe, alikuwa akiniambia hujafa hujaumbika. Nilimjibu kwamba mimi nilishaumbwa, tena nikakazwa na nati.

Baba yangu ni kinyozi. Ana kibanda chenye viti viwili, kimoja chake na kingine cha mzee mwenzake ambaye mtaa mzima unamwita Poda. Baba ana miaka sitini na minane, na kwenda kazini hupanda pikipiki yake ndogo nyekundu, ambayo haijawahi kushikwa na fundi mwingine zaidi yangu. Ndiyo niliyojifunzia kazi. Nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kuwa fundi, kaka yangu alicheka mpaka akapaliwa na mama akaanza kulia. Baba aliniita uani, akanionyesha ile pikipiki, akasema fungua injini, ukiweza kuirudisha mimi mwenyewe nitakusemea. Kuifungua kulinichukua mchana mmoja. Kuirudisha kulinichukua siku nne, na siku zote nne baba alikwenda kazini kwa miguu bila kuniuliza nimefika wapi.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Kila ncha ya usukani wa pikipiki ina kichuma cha duara, kizito kuliko unavyokidhania ukikitazama. Sisi tunakiita uzito. Kazi yake ni kuutuliza usukani usitetemeke. Kikilegea, mtetemo wote wa injini unaishia kwenye kiganja cha mwendeshaji, na baada ya mwendo kidogo mkono unakufa ganzi. Uzito huo unashikwa na skrubu ndefu inayoingia kwenye chuma kingine kilicho ndani ya bomba la usukani, na chuma hicho cha ndani kimevishwa mipira ili kibane. Mipira ikilika, chuma cha ndani kinazunguka pamoja na skrubu. Hapo utakaza mpaka uote mvi, haikazi.

Jumanne moja asubuhi baba alipita gereji kabla ya kwenda kibandani. Alisema uzito wa kulia unacheza, na mkono unakufa ganzi njiani. Halikuwa jambo jipya. Jumapili iliyotangulia alikuwa amelisema mezani mbele yetu sote, kwamba mkono wa kulia siku hizi unakufa ganzi, na mama akamwambia apake mafuta ya moto. Niliushika ule uzito, ukazunguka kwenye vidole vyangu bila ubishi wowote. Nikajua ni mipira.

Dawa yake naijua hata nikiwa usingizini. Unavua mshiko unaoshikwa na kiganja, unatoa chuma cha ndani, unabadilisha mipira, unarudisha kila kitu mahali pake na kuacha nafasi ya unene wa kucha kati ya uzito na mshiko. Upande wa kulia nafasi hiyo si mapambo, kwa sababu mshiko wa kulia ndio wa mafuta: unauzungusha pikipiki inakwenda, unauachia unarudi wenyewe. Ni kazi ya saa nzima. Mipira sikuwa nayo, ilibidi ifuatwe dukani. Mbele yangu kulikuwa na pikipiki tatu na wenye nazo wamesimama wakinihesabia pumzi.

Mteja ningemwambia aiache, aje mchana. Lakini baba alisema kuna mtu anamsubiri kibandani, akauliza itachukua muda gani, nami nikasema dakika tano. Nilitazama kama Kimya ananiona. Alikuwa amejiinamia kwenye injini akimsimulia mteja habari za shemeji yake. Nilifungua droo, nikatoa tyubu ndogo ya gundi kali niliyonunua kwa ajili ya soli ya kiatu changu, nikaiminya pembeni ya ule uzito. Kisha nikaiminya tena, kwa uhakika zaidi. Nilijiambia itashika wiki moja, nitainunua mipira, nitaifanya vizuri Jumapili nyumbani, na hakuna atakayejua.

Baba aliushika uzito, akautikisa, ukatulia tuli. Akasema fundi ni fundi tu, akanipigia saluti ya mzaha na kuondoka.

Ambacho sikukifikiri, na mwanafunzi wa wiki mbili angekifikiri, ni kwamba pikipiki ilikuwa imesimama kwa stendi ya pembeni. Ikisimama hivyo inalalia kushoto, na ncha ya kulia ya usukani inatazama juu. Gundi mbichi ni kitu cha majimaji, na majimaji hufuata mteremko. Ilipita pale penye nafasi ya unene wa kucha, ikateremka chini ya mshiko wa mafuta, ikajichanganya na grisi ya zamani. Penye grisi gundi hukawia kukauka. Ilimsubiri baba mpaka kona ya nne.

Kwenye kona ya nne kuna duka la kukodisha viti vya shughuli. Baba ana mtindo wake wa kuendesha: akitaka kupunguza mwendo haurudishi mshiko, anauachia tu, springi inafanya kazi yake. Siku hiyo aliuachia na haukurudi. Pikipiki ikaendelea kuvuta kana kwamba imeambiwa iongeze, naye akaingia nayo mzimamzima kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mwenye duka aliruka pembeni, na waliokuwepo wanasema hawakujua kama mama yule anaweza kuruka. Baba alichubuka goti na kiwiko. Alitoka chini ya lile rundo akiwa na kiti kimoja kimemkaa shingoni, na watu walipokwisha kuona kwamba hajavunjika walicheka mpaka wakashikana mabega. Kufikia jioni alikuwa na jina jipya mtaani: Mwenyekiti.

Yeye hakucheka. Alirudia neno moja kwa kila aliyemwinua, kwamba aliuachia mshiko, ana hakika aliuachia, ila mkono ulikataa.

Pikipiki ililetwa kwangu ikisukumwa. Nilipoushika mshiko wa mafuta ulikuwa mgumu, ukizunguka kwa kulazimishwa na kubaki pale unapouacha. Nilijua kabla sijagusa bisibisi. Kimya alikuwa amekwenda kunywa chai, wateja walikuwa wamemfuata wapate habari ya viti. Nikauchana mshiko kwa kisu, na ndani nikaikuta gundi, nyeupe, imeganda kwenye bomba pale ambapo haikutakiwa kuwepo hata tone.

Wakati ule ningeweza kuita mkutano. Badala yake niliikwangua, nikapiga msasa mpaka bomba likang'aa, nikakimbia dukani mwenyewe kununua mipira na mshiko mpya, nikaifanya ile kazi ya saa nzima kama ilivyotakiwa kufanywa asubuhi. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Vipande vya mshiko wa zamani nilivitupa kwenye pipa la taka la mtaa wa pili.

Kaka alifika na tai yake ya ofisini, akauliza mbele ya watu pikipiki imekutwa na kasoro gani. Nikapiga resi, nikaachia, mshiko ukarudi kwa sauti nzuri.

"Pikipiki haina shida," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Saa ile haikuwa na shida tena.

Jioni hiyo tulikaa mezani nyumbani kwa wazazi. Kaka alizungumza kwa upole, na upole wa kaka ndio unaotisha. Alisema kama pikipiki haina shida, basi. Hakumalizia, kila mtu alimalizia moyoni. Mama akakumbusha kwamba Jumapili baba mwenyewe alisema mkono unakufa ganzi. Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa najua ganzi ile inatoka wapi, tena mezani pale nilikuwa peke yangu ninayejua. Nilifungua mdomo, wote wakanitazama, nikaomba chumvi.

Kaka akanyoosha mkono na baba akampa ufunguo wa pikipiki, bila ubishi. Halafu baba akakigeuza kiganja chake cha kulia, akakitazama juu na chini. Sikuweza kula. Mama aliona, akaniambia nisihuzunike, uzee ni wa wote.

Sitajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sababu za kunyamaza zilikuwa mbili na zote za aibu. Ya kwanza ni kaka, ambaye tangu siku ile aliyopaliwa kwa kicheko alikuwa akisubiri kuniambia si nilikwambia. Ya pili ni gereji. Miaka kumi na moja niliwacheka wenzangu kwa gundi, halafu waje kusikia kwamba Dada Spana alimtilia gundi baba yake mzazi? Uso ningeuweka wapi? Nikajiambia baba ni mzima, goti litapona, na kupumzika kwa mzee si jambo baya. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelikalia langu.

Siku ya tano mama aliniambia kwenye simu kwamba baba sasa anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Alicheka kidogo alipolisema, kisha akabadili mazungumzo. Siku ya tisa nilijitia napita karibu na kibanda chake. Nilimwona kupitia mlangoni akimnyoa mtu kichwa kwa mashine. Mtu alipoomba na ndevu zichongwe kwa wembe, baba alifuta kiti, akamwelekeza kwa Poda, kisha akachukua ufagio akafagia nywele ambazo zilikuwa zimekwisha kufagiwa.

Poda alinifuata nje. Alinong'ona kwamba tangu ile ajali baba hajashika wembe. Wateja wake wa ndevu, wengine wa miaka ishirini, anawapeleka kiti cha pili na kusema wembe wake umeisha makali. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini baba alikuwa akiwabishia wahenga kila asubuhi mbele ya kioo chake. Sasa ananyolewa na Poda, akiwa amefumba macho. Tena anasema mwisho wa mwezi atakikabidhi kiti kwa mwingine, kwa sababu mkono uliokataa barabarani unaweza kukataa kwenye koo la mtu. Poda aliniuliza mimi naonaje. Nikamwambia nina haraka.

Nilirudi gereji nikiwa nimeshaapa kwamba kesho nitasema. Kesho ilipofika nikasema Ijumaa. Roho ilikuwa ikinisuta mpaka nikapunguza maneno, na Kimya akauliza kama ninaumwa. Pikipiki moja ililetwa ina gundi kwenye taa ya nyuma. Niliitengeneza bila kusema kitu, na wenzangu wakatazamana.

Siku ya kumi na saba baba alikuja gereji mwenyewe, kwa miguu, shati limelowa mgongoni. Kimya alimvutia benchi, wateja wawili wakampa shikamoo, mmoja akamwita Mwenyekiti na kisha akajuta. Baba aliketi, akapumua, akauliza kama nina nafasi kidogo. Nikafuta mikono. Akakunja mkono wa shati la kulia mpaka juu ya kiwiko, taratibu, kama anavyowakunjia wateja wake kitambaa shingoni, kisha akaunyoosha ule mkono mbele yangu.

"Nimeuleta uutazame," akasema.

Nikamwambia baba, mimi si daktari. Akasema daktari ameshamwona, amempa vidonge na kumwambia ni umri.

"Kaka yako ananiambia nipumzike. Mama yako ananiambia mkono ni mzima, lakini vyombo vya udongo hanipi nibebe. Wewe hujui kudanganya tangu utoto wako, na ukishika kitu unajua kimelegea wapi. Nishike uniambie kweli. Nikabidhi kiti, au nisikabidhi?"

Niliupokea. Ulikuwa unanukia spiriti na poda, kucha zimekatwa sawasawa, na kwenye kidole cha shahada pana ile sugu ya miaka arobaini ya wembe. Kimya, ambaye hawezi kuona jambo likipita bila kuchangia, aliokota washa ndogo mezani, kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya nati, na kusema tuiweke juu ya ncha ya kidole, tuone kama itaanguka. Nikaiweka. Tulikaa tukiitazama, mimi, baba, Kimya na wateja wawili. Ile washa haikusogea hata kidogo.

Nikasema mkono hauna shida.

Baba hakuuondoa mkono. Alinitazama, na nikaona anapiga hesabu ambayo sikutaka aimalize.

"Na pikipiki nayo ulisema haina shida," akasema. "Vyote viwili haviwezi kuwa vizima, mwanangu, na mimi nikaingia kwenye viti. Kimoja ni kibovu. Nitajie ni kipi."

Nikauachia mkono wake.

"Nilitia gundi," nikasema.

Baba akauliza nimesema nini, si kwa ukali, kama mtu ambaye hakusikia. Nikarudia. Nikaeleza yote nikiwa nimeangalia miguu yake: mipira iliyolika, mteja wake aliyekuwa akisubiri, tyubu ya soli, stendi ya pembeni, mshiko uliogoma kurudi, msasa, pipa la mtaa wa pili. Nikamweleza na ganzi, kwamba ganzi ilikuwa ni ya uzito uliolegea na si ya mishipa wala umri. Nilieleza kwa ukamilifu, kama fundi anavyomweleza mteja. Nilipomaliza, Kimya alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Nilitamani aseme. Nilitamani mtu yeyote acheke.

"Ulijua lini?" baba akauliza.

"Siku ileile. Kabla ya saa sita."

"Kaka yako alipochukua ufunguo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, baba."

Akafikiri. "Angekuwa mteja tu, mtu baki, ungemtilia gundi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikimbia siku kumi na saba. Nikasema hapana, mteja nisingemtilia. Baba akaitikia kwa kichwa polepole, akashusha mkono wa shati lake. Hakunifokea. Ningempa chochote anifokee.

Alichosema ni kwamba nimpigie kaka simu sasa hivi, hapohapo, niweke sauti ya nje. Nikapiga. Nikarudia maneno yaleyale mbele ya gereji nzima, nikisubiri lile neno ambalo kaka alikuwa ameliweka akiba tangu ujana wetu. Halikuja. Kaka akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyemnyang'anya baba ufunguo mbele ya mama, kama mtoto. Akasema anauleta. Nafuu angenisimanga.

Baba aliinuka, akaniambia twende. Tulitembea, yeye mbele na mimi nyuma. Tulipita duka la viti, mwenye duka akampungia mkono na kumuuliza Mwenyekiti leo anahitaji vingapi. Baba akamjibu kwa utani kwamba leo amekuja na wa kumkalisha. Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kibandani Poda alikuwa anapangusa vioo. Baba alinawa mikono, akafungua kopo alimoziweka nyembe zake, akachagua moja, akaitia spiriti. Akanionyesha kiti chake kwa kidevu. Nywele zangu ni fupi, tangu utotoni yeye ndiye anayenichonga nyuma ya shingo, na ilikuwa imepita miezi miwili. Nikakaa. Akanifunga kitambaa, akanipaka povu shingoni, akaweka kiganja cha kushoto utosini kwangu ili kichwa kisimame. Kwenye kioo nikauona wembe ukija.

Ukasimama. Mkono ule ambao haukuitikisa washa mbele ya watu watano sasa ulikuwa unatetemeka, kidogo, lakini unatetemeka, na sisi sote watatu tuliuona kwenye kioo. Poda akageukia ukuta.

"Umeniambia ni mzima," baba akasema.

"Ni mzima, baba."

"Basi huu ni nini?"

Nililijua jibu. Ni siku kumi na saba za chai kwa mkono wa kushoto. Niliukuta mkono mzima, nikaukaba kwa kunyamaza mpaka ukaanza kujishuku wenyewe, na kwa hilo hakuna duka ninaloweza kukimbilia kununua mipira. Sikulisema. Nilimwambia tu aendelee. Akasema anaweza kunikata. Nikasema anikate.

Alivuta pumzi, akaanza. Mipito miwili ya kwanza ilikwenda sawa. Wa tatu ulinichoma chini ya sikio, na nikahisi joto dogo likiteremka kuelekea kwenye kitambaa. Sikutikisika. Baba akauondoa wembe haraka, akachukua pamba yenye spiriti na kunikandamiza pale, na kwenye kioo nikauona uso wake ukiwa umejaa aibu, yeye, aibu yangu mimi.

"Samahani, mwanangu," akasema.

Ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi, katika maneno yote niliyoyamwaga mbele ya gereji na kwenye simu, neno hilo nilikuwa sijalitamka. Hata hapo sikulitamka. Niliinamisha kichwa zaidi ili apate nafasi, nikasubiri wembe urudi.